Joka Kotwe na Karanga za Bi Sikudhani

Krr. Krr. Karatasi ilikuwa inakunjuliwa gizani.

Umeme ulikatika tangu magharibi, nami nilikuwa napapasa kiberiti juu ya kabati la vyombo. Nikajua ni mwanangu Chausiku, ameshindwa kungoja.

"Chau, usizile kwanza. Mimina kwenye sahani, karatasi isichanike."

"Sijala hata moja, mama. Nainyoosha tu."

Nikawasha mshumaa. Kweli, karanga zote zilikuwa kwenye sahani, na karatasi ameilaza juu ya goti, anaipitishia kiganja kama anayepiga pasi. Ilikuwa na chumvi, na doa la mafuta pembeni. Katikati ya doa alikuwapo joka Kotwe, amekaa peke yake juu ya jabali la Zimbalu, anautazama moto wa kijiji kwa mbali na kuuogopa.

Kwa wasomaji wa nchi nyingine, niseme kidogo. Zimbalu ni nchi ya kubuni iliyomo kitabuni, na kitabu chenyewe kina juzuu kumi na mbili zilizojaa majoka, malango, panga zinazosema na mito inayopanda mlima. Nchi yetu sisi si ya kubuni. Nchi yetu inatawaliwa na wasomaji wa kitabu hicho. Zamani, nasikia, walikuwa kundi dogo tu la watu kwenye simu, wanajiita Ukumbi, wakishinda na kukesha wakibishana nani anakijua kitabu kuliko mwenzake. Watu wengine walikuwa na kazi za kufanya, kwa hiyo siku ya uchaguzi ilipofika hawakupata nafasi ya kwenda. Ukumbi ulikwenda wote. Ndivyo tulivyopata serikali, na mimi sikuona ubaya, maana serikali inayosoma ni heri kuliko isiyosoma.

Kaulimbiu ya taifa imechongwa juu ya lango la mji: MGENI NGOJA, MWENYEJI APONE.

Mtaani kwetu hapakuwa na mtu mwenye juzuu hata moja. Tulikuwa na Bi Sikudhani. Bi Sikudhani hukaanga karanga kwa mchanga pale penye bomba la maji, na huzifunga kwa karatasi za vitabu chakavu anavyonunua kwa uzito. Mwaka ule alipata gunia zima la juzuu za Zimbalu, zilizotupwa baada ya panya kula majalada. Akawa anachana ukurasa, anaukunja kama pembe, anatia karanga, anakupa. Wewe unakula, kisha unasoma. Wengine wanasoma, kisha wanakula. Nyumba yangu ilikuwa ya hao wa pili.

Kwa hiyo sisi hatukuanza mwanzo. Tulianza katikati ya vita, tukarudi kwenye harusi ya watu waliokwisha kufa, tukaruka kwenye njaa. Leo unamkuta Kotwe ni mzee, kesho ni yai. Hatukujali. Jioni ungetusikia ukuta kwa ukuta:

"Mama Chau! Unao ukurasa unaoanza 'akapanda ngazi'?"

"Ninao! Nani huyo anapanda?"

"Sijui! Mimi ninaye mpaka mlangoni tu! Nipe huo, nikupe wa sumu!"

Na nyumba ya tatu inadakia: "Wa sumu msiupeleke mbali jamani, mume wangu hajausoma, na nataka ausome!"

Mimi nilijifunza kusoma kwenye masomo ya jioni, nikiwa na mimba ya Chausiku, tumbo linagusa dawati. Mwalimu wetu alikuwa akisema kusoma ni mlango. Ukishafunguka haufungiki tena. Nilimwamini. Bado namwamini.

Chausiku ndiye aliyempenda Kotwe. Kotwe ni joka anayeogopa moto wake mwenyewe. Aliondoka kwao akiwa mdogo, na tangu hapo yuko njiani kurudi. Kila nilipowasha jiko la mkaa, mwanangu alijitanda kanga yangu ya maua mekundu, ananyoosha mikono ikawa mabawa, anazunguka jiko kwa mbali huku akijibembeleza: "Kotwe, usiogope, ni chai tu." Ana miaka sita. Baba yake alikwenda kutafuta kazi nchi za mbali, na simu yake siku hizi haiiti. Mwanangu haulizi habari za baba. Yeye aliuliza jambo moja tu, kila jioni, akishajifunika shuka mpaka kidevuni:

"Mama, Kotwe alifika kwao?"

Na ukurasa huo hatukuwa nao. Bi Sikudhani alikwisha kulipekua gunia mpaka chini kabisa.

"Wa mwisho nadhani nilimfungia mlevi, mwanangu, akafutia mikono," aliniambia. "Mimi karanga nauza, hadithi nawapa bure. Sasa cha bure nacho utakidai?"

*

Nikasema moyoni: serikali nzima inakijua kitabu hiki. Kuna haja gani mtoto akose usingizi?

Katika nchi yetu kila raia ana haki ya kuingia Ukumbini kwa simu yake na kusoma wanayoandikiana wakubwa. Kuandika ndiko kuna masharti, na mimi sikuyajua. Nikaandika kwa adabu zangu zote: "Shikamooni wakubwa wangu. Samahani kwa usumbufu. Mwanangu anampenda sana joka Kotwe. Tunaomba kujua, alifika kwao? Asanteni, Mungu awabariki."

Majibu yalianza kumiminika kabla sijaiweka simu chini. Nilifurahi. Nikadhani ndio ukarimu.

"Wewe nani?" aliandika Panga la Fedha Arobaini na Nne, ambaye ni Mkuu wa Mkoa wetu. Viongozi wetu hawatumii majina waliyopewa na wazazi. Wanatumia yale waliyojipa Ukumbini, na namba ni kwa sababu majina mazuri yaliwahiwa.

"Ulianza kusoma lini? Kabla ya filamu au baada ya filamu?"

"Eti anampenda Kotwe. Hahaha. Kila aliyefika jana anampenda Kotwe."

"Taja mito kumi na miwili ya Zimbalu kuanzia kaskazini, ndipo uulize."

"Asijibiwe! Kumjibu ni kufichua!"

"Aliyesoma kweli hawezi kuuliza. Na ambaye hajasoma haruhusiwi kujua."

Hilo la mwisho lilipata vidole gumba vingi mno, na kesho yake likawa sheria.

Alikuwapo mmoja aliyeandika: "Jamani, ni mtoto." Jina lake Ukungu Mwanana Tisa. Alinyamazishwa pale pale kwa juma zima. Na kwetu ukinyamazishwa Ukumbini, unanyamaza hata nyumbani kwako. Nilimwona sokoni akimwonyesha muuza nyanya vidole vitatu, askari wawili wamesimama wanamchungulia midomo isije ikatikisika.

"Tueleze kitabu ulikipataje," akaandika tena Panga la Fedha.

Nikajibu ukweli, maana ukweli haumdhuru mtu.

"Kwa karanga, mheshimiwa."

Ukumbi ukanyamaza. Wanaojua historia wanasema haujawahi kunyamaza vile, hata siku mwandishi alipofariki. Siku ile walibishana tu kama alistahili.

*

Asubuhi wakaja Askari wa Mpangilio. Walivaa glavu nyeupe, wakapita nyumba kwa nyumba wakikusanya kurasa. Walizitoa chini ya magodoro, kwenye mikebe ya sukari, kwenye dirisha la choo ambako jirani yangu alikuwa ameziba baridi kwa mazishi ya mfalme. Kila walipopata ukurasa waliupanga mahali pake kwanza, ndipo wakaendelea. Chausiku aliwapa zake mwenyewe. Alikuwa amezinyoosha vizuri. Askari mmoja akamsifu.

Kisha wakaenda bombani.

"Wewe mama," mkubwa wao alimwambia Bi Sikudhani, ameshika karatasi kwa ncha za vidole, "unajua hapa umefunga nini?"

"Karanga, baba."

"Hapa ni Kutawazwa kwa Malkia!"

"Kumbe. Ndiyo maana siku ile ziliisha upesi."

"Wananchi wamesoma kutawazwa kwake kabla ya kuzaliwa kwake!"

"Sasa hilo la ajabu liko wapi, mwanangu? Hata ninyi serikali tuliwaona mmeshatawazwa. Mlizaliwa lini, hatujui."

Jibu hilo halikumsaidia. Alishtakiwa kwa kutawanya Zimbalu bila mpangilio, na kwa kuitia chumvi. Gunia likachukuliwa. Adhabu ilikuwa nyepesi kwa vile ni mtu mzima: aendelee kukaanga, ila asifunge karanga kwa kitu chochote chenye herufi, na asiinadi biashara yake kwa sauti, maana sauti yake ndiyo iliyowavuta watu kwenye kosa.

Nilimfuata akitoka kuhukumiwa.

"Bibi, mimi nilisema ukweli tu."

"Najua, Mama Chau. Una mdomo mtamu. Umenimwagia maji jikoni na karanga zimo."

Nikamwambia asikate tamaa, nitakwenda mwenyewe kwa wakubwa, tukifuata taratibu kila kitu kitanyooka. Akanitazama kama mtu anavyoitazama mvua inakuja na nguo ziko kwenye kamba, naye hana mkono wa kuzianulia.

Jioni ile hakuna aliyemwita mwenzake ukutani. Chausiku akajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Mama, Kotwe alifika kwao?"

"Kesho, mwanangu. Kesho nakwenda kuuliza penyewe."

*

Ofisi ya Lango Kuu ni jengo zuri. Limejengwa kama ngome ya juzuu ya pili, lina mnara na daraja la kuinuliwa, na kwa kuwa chini ya daraja hakuna mto, wameweka mtu wa kumwaga maji. Ndani kulikuwa na karani kijana mpole sana. Kifuani kibati chake kilisema Jicho la Usiku Mbili.

"Naomba kusajiliwa msomaji, mwanangu," nikamwambia.

"Karibu sana, mama. Lete tu uthibitisho kwamba umesoma juzuu ya kwanza."

"Na juzuu ya kwanza naipata wapi?"

"Duka la serikali, hapo ng'ambo. Wanawauzia waliosajiliwa."

"Sasa hao waliosajiliwa, wao waliisomea wapi?"

Akatazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, wale ni Wasomaji wa Awali. Wao hawakuanza. Wao walikuwapo."

Nikaona ananihurumia, nami nikamhurumia, maana shati lake la askari wa Zimbalu lilikuwa la sufu, na nchi yetu ni ya joto. Akanielekeza kwa Bawabu Mkuu. "Anapenda kusikilizwa," akaninong'oneza. "Wewe msikilize."

Mheshimiwa Bawabu Mkuu, Jokakuu Sabini na Moja, alikuwa mtu mnene mwenye ndevu za mchawi. Za bandia zilikuwa upande mmoja, upande wa pili zimekubali kuota zenyewe. Aliketi mbele ya kabati la kioo lenye juzuu zote kumi na mbili. Nilikuwa sijapata kuziona pamoja. Nilisimama nikitazama ile ya mwisho, unene wake, nikawaza ukurasa wa mwisho uko pale pale, unapumua.

"Mama," akaanza, "unajua kwa nini tunalinda Lango?"

"Ili wabaya wasiingie, mheshimiwa."

"Hapana! Wabaya hawaji. Wabaya wana shughuli zao. Wanaokuja ni wanaopenda." Akasimama, na sauti ikapanda kama ya mtu aliye jukwaani. "Mimi nilikuwa peke yangu na kitabu hiki! Shuleni walinicheka. Waliniita Mjoka. Begi langu walilitupa chooni na juzuu ya tatu imo. Nikaapa siku ile: ipo siku kila mtu atatamani kuingia Zimbalu, na mlangoni nitakuwa mimi. Siku imefika! Na bado mnakuja mnacheka!"

"Mimi sijacheka, mheshimiwa."

"Mtoto wako je?"

"Mtoto, akiruka kama Kotwe, hucheka kidogo."

"Unaona!" Akaketi, akajifuta jasho kwa ncha ya ndevu.

Nilimwonea huruma kweli. Nilitaka kumwambia kwamba laiti angekuwa mtaani kwetu wakati ule, tungempa ukurasa wa sumu naye atupe wa ngazi, na hakuna ambaye angemcheka. Lakini karani alisema nisikilize. Nikasema tu:

"Pole sana, mheshimiwa. Basi lazima unakipenda mno kitabu hiki."

Akanikodolea macho kama niliyemtukania mama.

"Kukipenda? Mimi? Sijakipenda tangu juzuu ya nne! Ya tano ni takataka. Ya sita mwandishi alikuwa anaumwa. Ya saba nimeisoma mara arobaini na kila mara najuta. Kupenda ni kwa wageni, mama. Sisi wenyeji tunalinda."

Mwisho akanipa nafasi. Mtu mzima, alisema, hasajiliki tena, ubongo umekwisha kusoma ovyo. Lakini mtoto ambaye hajatimiza miaka saba anaweza kuingizwa Chipukizi, akifaulu maswali mbele ya baraza la Ukumbi. Akifaulu, nyumba yao hukabidhiwa juzuu yoyote watakayo, kwa kiapo cha kutofichua.

"Hata ya mwisho?"

"Hata hiyo. Ingawa ni mbaya kuliko zote."

Akanipa Mwongozo wa Chipukizi, kitabu kinene kuliko juzuu. Ndani yake kuna majibu yote ya Zimbalu: mito, farasi, nasaba za wafalme, uzito wa kila upanga. Hadithi haimo. Nilitoka nakimbia, nikamruka hata yule mtu wa kumwaga maji.

*

Tulianza jioni ile ile.

"Farasi wa bawabu wa tatu ana rangi gani?"

"Kijivu."

"Kijivu gani, Chau?"

"Kijivu cha... majivu?"

"Cha mvua, mwanangu. Cha mvua. Ukisema majivu wanatufukuza."

Ni mtoto mwenye akili. Mito aliishika upesi, akawa anaitaja akipiga mswaki, akifunga viatu, akiwa usingizini. Nilijivuna. Wakati mwingine alinikatiza.

"Mama, lakini Kotwe mwenyewe yuko wapi kwenye hiki kitabu?"

"Yupo, huyu hapa. Urefu, dhiraa tisini. Meno, sitini na manne. Mabawa, rangi ya shaba iliyofifia."

"Haogopi?"

"Hapa hawajaandika. Endelea, mto wa tano?"

Siku moja nikawa nawasha jiko, nikamwona anakuja na ile kanga ya maua mekundu, amenyoosha mikono.

"Kotwe, usiogope, ni ch..."

"Chau! Mabawa ya Kotwe ni shaba iliyofifia. Si mekundu. Na hayana maua."

Akasimama.

"Ni mchezo tu, mama."

"Najua mpenzi wangu, lakini ukizoea kukosea hapa, utakosea mbele ya wakubwa, na ukurasa wetu umekwenda. Hutaki kujua kama alifika?"

Akaivua ile kanga. Akaikunja mara mbili, mara nne, kona kwa kona, vizuri kuliko ninavyokunja mimi, akairudisha kabatini. Kisha akaja akakaa kwenye kigoda, miguu pamoja, akaniambia jina la mto wa tano kabla sijamwuliza.

Nikafurahi. Nikaona mtoto amekomaa. Tangu siku ile hakuniuliza tena, wakati wa kulala, kama Kotwe alifika. Nikajua ni kwa sababu amenielewa: tunangoja tusome wenyewe.

*

Baraza la Ukumbi lilijaa. Ni watu wanaokaa bega kwa bega, kila mmoja na simu yake, wanaandikiana. Hakuna sauti ila vidole. Mara moja moja mtu anainuka kwa hasira, anamtazama wa pembeni yake, anakaa, anaandika.

Walimsimamisha mwanangu juu ya kreti. Nilikuwa nimemsuka vizuri na kumpaka mafuta, magoti yanang'aa. Panga la Fedha akauliza mito. Akaitaja. Akaulizwa kutoka kusini. Akaitaja kinyumenyume. Farasi? Kijivu cha mvua. Uzito wa upanga wa Malkia? Akasema, na akaongeza, bila kuulizwa, kwamba katika chapa ya pili uzito umekosewa. Vidole vikaenda mbio ukumbi mzima.

Hapo Bawabu Mkuu akainua mkono.

"Swali la mwisho halimo kwenye Mwongozo," akasema. "Mtoto. Unampenda joka Kotwe?"

Nilikuwa mstari wa mbele, nikampa jibu kwa midomo: ndiyo, mwanangu, sema ndiyo. Chausiku alinitazama. Akatazama viatu vyake. Kisha akatikisa kichwa, pole pole, kwenda upande huu na upande ule.

Nikafunga macho. Nikasema basi, tumekwisha.

Nikasikia vishindo. Nikafumbua: ukumbi wote umesimama. Watu waliokuwa hawajasemeshana kwa miaka walikuwa wanapigiana makofi. Bawabu Mkuu alikuwa analia, ndevu za upande wa bandia zimedondoka.

"Mwenyeji!" alipaza sauti. "Huyu ni mwenyeji kabisa! Ana miaka sita, na ameshachoka! Mimi ilinichukua mpaka juzuu ya nne!"

Wakambeba mabegani. Wakampa jina, Mvua ya Kijivu Moja, na waliniambia namba moja haijapata kupewa mtoto. Kuanzia saa hiyo alikuwa na haki ya kumwuliza raia yeyote mito kumi na miwili, na raia akishindwa, kumfukuza. Kisha juzuu ya mwisho ikatolewa kabatini, ikavishwa mfuko wa mahameli, nikaapishwa mkono juu ya kioo, nikakabidhiwa. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga.

Nilipoulizia habari ya Bi Sikudhani, karani mpole alisema hilo ni dirisha lingine, na dirisha hilo bado halijajengwa.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye kona ya mtaa wetu, Mwinyi, mtoto wa jirani, alitoka mbio, gunia kiunoni kama mkia.

"Chau! Chau! Njoo tucheze majoka!"

Nikasikia mtu anamwambia, "Mto wa tano unaitwaje?"

Mtoto akasimama, akatutazama, akarudi kwao akiburuta mkia. Ilinichukua hatua kadhaa kutambua kwamba aliyeuliza ni mimi. Lakini nadhani ni vizuri, atakwenda kusoma.

Pale bombani Bi Sikudhani alikuwa amekaa nyuma ya sufuria yake, kimya. Karanga ameziweka kwenye vifuko vya nailoni vyeupe, unaona mpaka ndani, hakuna kitu ndani ila karanga. Nilimwonyesha ule mfuko wa mahameli kwa mbali, ajue kwamba tulifuata taratibu na zimenyooka. Akainua mkono kidogo, akaushusha. Sikusimama. Giza lilikuwa linaingia, na nilikuwa na ukurasa wa kusoma.

Umeme ulikuwa umekatika. Nikawasha mshumaa, nikaupandisha juu ya sahani iliyogeuzwa ili tuone vizuri. Nikamvalisha Chausiku nguo za kulalia, nikamketisha mapajani. Nikafungua mwishoni kabisa. Karatasi ilikuwa safi, nyeupe, haina doa hata moja, haina harufu.

Nikasoma. Nilisoma kama tulivyofundishwa darasani, napumzika penye nukta, napandisha sauti penye kuuliza. Kotwe alikuwa juu ya kilima cha mwisho, na chini yake kuna nyumba, na nyumbani kuna moto. Zaidi ya hapo siwezi kukwambia. Alifika au hakufika, nimeapa. Na wewe unayesoma haya, sijui ulianza lini.

Nilisoma mpaka nukta ya mwisho. Nilifunga kitabu.

"Umesikia, mwanangu? Basi, ndio mwisho. Sasa tunajua."

Nilingoja. Nilidhani ataniuliza kitu, au atalia, au atasimama anyooshe mikono. Alikuwa anaitazama ile sahani iliyo chini ya mshumaa. Akanyoosha kidole, akakipitisha ukingoni mwake, kama anayetafuta chumvi.

"Sema, Chau. Sema tu."

"Mama, mimi nataka karanga tu."